Hesabu ya Betri

Nikifika nyumbani siichomeki papo hapo.
Fundi Chande wa Gerezani alinionya mapema:
betri iliyotoka juani ni kama mtu aliyetoka kwenye ugomvi,
mwache apoe kwanza, ndipo umpe chakula.
Basi naiegesha skuta ukumbini, karibu na dirisha,
navua viatu vya chuma, nakunywa maji,
nakata kitunguu,
na kitunguu kikianza kuwa chekundu sufuriani
najua na yeye amepoa.

Kisha chaja. Taa nyekundu.
Siifuniki kitambaa, japo feni yake inanung'unika hadi alfajiri.
Siikatizi njiani kwa tamaa ya kwenda dukani.
Nalala; nikiamka, taa ni ya kijani.

Chini ya kiti wamo wawili, pacha.
Mmoja akizeeka, mwenzake humfuata.
Nilijaribu kubadilisha mmoja, nikajiona mjanja:
mzee alimnyonya kijana, mwezi wa tatu wote wakaanguka.
Pesa ya mihuri ya miezi miwili, kwisha.

Na hewa ya Dar ina chumvi isiyobisha hodi.
Kila Jumamosi nafungua kifuniko,
nasugua vichwa vya betri kwa mswaki wa zamani,
ule unga wa kijani unadondoka kwenye gazeti,
napaka mafuta ya mgando,
yaleyale ninayopaka magoti.

Nyumba yetu hapa Keko ina vyumba sita na LUKU moja.
Mama Tumsifu wa chumba cha nne alisimama mlangoni,
mikono kiunoni:
"Hilo dude lako ndilo linalokula uniti zetu."
Nikaleta daftari. Uniti moja na robo,
tena siku niliyorudi nimeikausha.
Lile jiko la umeme nyuma ya pazia lake
sikulitaja.
Bwana Pazi mwenye nyumba akakohoa,
akasema niongeze elfu tatu kwa mwezi, tuishi kwa amani.
Niliongeza. Amani sikuiona.

Ikaja wiki umeme ulipokatika siku mbili mfululizo.
Kwenye usukani vimebaki vijiti vitatu.
Kwenda kibandani kwangu Chang'ombe, ninapochonga mihuri,
ni kijiti kimoja;
kurudi, kimoja na nusu, kwa sababu ya kile kilima
ambacho wenye miguu hawajui kama kipo.
Inabaki nusu. Hiyo haiguswi.
Chande alisema: betri ukiiacha ikafa kabisa
hufufuka nusu mtu.

Saa nne usiku mlango ukagongwa.
Mama Tumsifu, simu mkononi, kioo cheusi.
Mwanawe yuko Muhimbili, chumba cha upasuaji,
wamesema watapiga.
"Hata asilimia kumi, jirani."

Nilipiga hesabu, sifichi.
Asilimia kumi ni kutoka getini hadi kwa muuza mkaa.
Simu nzima ni mpaka relini.
Nikachomeka waya kwenye tundu la usukani.

Tulikaa gizani, yeye juu ya ndoo, mimi juu ya skuta.
Habari za uniti hakuna aliyezigusa.
Aliuliza mara moja tu: "Haipati moto?"
Nikamwambia, weka mkono.
Akauweka, akauacha pale muda mrefu.
Saa saba kasoro simu ikaita, akatoka nayo uani.
Maneno sikuyasikia. Niliusikia mgongo wake
ukiegemea ukuta.

Kesho yake jioni skuta ilinizimikia
palepale kwa muuza mkaa.
Nikacheka peke yangu: hesabu haikuwa mbaya.
Vijana wawili wenye mikono myeusi wakanisukuma hadi getini,
na ndipo umeme ukarudi,
kwa hasira, kama unavyorudi siku zote,
taa za mtaa mzima zikapiga kope.

Nilikuwa nimeshika waya wa chaja
sauti ikatoka chumba cha nne, nyuma ya pazia:
"Jirani! Usichomeke kwanza!
Ngoja umeme utulie.
Na hiyo betri, imepoa?"